Usukani Unaovuta Kulia

Wivu wa Léopold ulianzia kwenye kicheko. Masika, mkewe, alikuwa amechuchumaa nyuma ya boti pamoja na fundi mpya, wote wawili wameupa ufuko mgongo, na Léopold alikuwa nchi kavu akipiga soga na wauza maharage. Kicheko kilipomfikia, alisahau alichokuwa anasema. Si kwamba Masika hakuwa mtu wa kucheka. Alicheka kanisani, alicheka sokoni, hata msibani aliweza kucheka akikumbushwa jambo la marehemu. Lakini kile cha chini chini, kinachotokea puani na kumfanya afumbe macho, Léopold alikuwa amejiaminisha miaka yote ya ndoa yao kwamba ni mali yake peke yake.

Hakuna aliyemdanganya. Alijidanganya mwenyewe, kama alivyojidanganya kwa mengine mengi. Alizaliwa katika milima ya Masisi, kwenye ukoo wa wafugaji ambao maji wanayoyajua ni ya kunyweshea ng'ombe, akashuka Goma akiwa kijana, akajifunza boti, na kwa hesabu yake akawa nahodha wa kwanza pale bandari ya Kituku. Kwa hesabu ya wenzake alikuwa nahodha mzuri, basi. Tangu ndege ziache kutua Goma, ziwa lilikuwa limejaa boti mpya zenye injini mbili mbili, na vijana wanaoziendesha walikuwa wakimpita Léopold karibu na Nzulu huku wakimpungia mkono. Yeye hakuwapungia.

Boti yake iliitwa Bénita, na kusema kweli haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama Léocadie, mfanyabiashara wa mtaa wa Himbi, aliyeibatiza jina la kitinda mimba wake. Ilikuwa boti ya fiber ya zamani, imeshonwa viraka hadi rangi yake ya kwanza haijulikani, na injini moja ya chevaux soixante, nguvu za farasi sitini, iliyokuwa ikikohoa moshi kila asubuhi. Ikiondoka na abiria iliinua pua juu na kuzamisha matako, ikalima ziwa badala ya kupanda juu ya maji, na watu wa mbele hawakuona kitu ila mawingu. Abiria wakaanza kuikwepa. Ndipo Mama Léocadie aliposema, tena mbele za watu, kwamba analeta fundi wa kuirekebisha, na kwamba Jumamosi atapanda mwenyewe mpaka Minova na mzigo kamili. Ikiwa Bénita bado itakwenda kama mlevi, usukani atapewa mtu mwingine mwenye nguvu zake.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomkata maini Léopold. Kwa maana kulikuwa na siri. Wakati wa mvua za Noël, yaani Krismasi, alipokuwa anaivuta boti nchi kavu, aliteleza kwenye mawe meusi ya volkano akaangukia bega la kulia, na tangu hapo mkono ule haukupanda tena kupita kifua. Fundi wa zamani kabisa wa Bénita, sijui alikuwa na akili gani, aliufunga mkono wa gesi upande wa kushoto, kwa hiyo usukani ulibaki kazi ya mkono wa kulia peke yake. Na usukani wa Bénita ulikuwa unavuta kulia. Ukiuachia kidogo tu, boti inageuka. Kila safari Léopold aliushindilia kwa bega bovu, na wakikaribia Bulenga shati lilikuwa limemlowa. Hakumwambia mtu. Masika mwenyewe hakumwambia. Alijifunza kuvaa shati wakati mkewe yuko jikoni, akajifunza kulala upande mmoja, na aliamini kwamba amemficha.

Fundi aliyeletwa aliitwa Samy. Alitoka Kyavinyonge, kule kwenye ziwa Edouard, mtu wa umri wa ujana, mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye tabia ya kukiangalia kitu kwa muda mrefu kabla ya kukigusa. Siku ya kwanza Léopold alitegemea amwone akifungua injini. Samy hakuifungua. Aliuliza abiria huwa wanakaa wapi, magunia yanalala wapi, na mitungi ya mafuta inafungwa wapi. Masika ndiye aliyekuwa na majibu, kwa sababu yeye ndiye receveuse wa Bénita. Ndiye aliyepokea watu, akawapangia viti, akawaambia mamama wenye maumbo makubwa wakae katikati bila kuwaudhi, na hiyo si kazi ya kila mtu.

Basi wakawa wawili. Samy akahamisha mitungi ya mafuta na betri kutoka nyuma kuja katikati, ili matako ya boti yapungue uzito. Akaibadilisha hélice, yale mapanga yanayokata maji chini ya injini, akaweka nyingine iliyopitia mpaka wa Bunagana, isiyong'ata maji mengi kwa mara moja, ili injini kuukuu iweze kuzunguka bila kuzidiwa. Akasafisha kabureta, akabadilisha bougie, zile plagi za kuwashia moto. Kisha akasogeza ile pini inayoshikilia mlalo wa injini, tundu moja karibu na boti, ili msukumo uishushe pua. Baada ya kila badiliko waliingia majini kidogo, Léopold akiendesha, Samy akisikiliza, Masika akihamisha magunia: hili mbele, hili nyuma, hapana, lirudi. Na kila mara Masika na Samy walitazamana kwanza kabla ya mtu yeyote kumtazama nahodha.

Tena walisema Kinande. Masika ni wa Butembo, Samy naye ni wa pande hizohizo, na watu wa lugha moja wakikutana mbali na kwao huwezi kuwafunga midomo. Léopold alikijua Kihunde na Kiswahili na Kifaransa cha kuombea karatasi. Kinande alijua salamu na majina ya vyakula. Alikuwa akikaa kwenye usukani na kuyasikia maneno yakipita nyuma ya kisogo chake, laini, marefu, na mara nyingine katikati aliona kama wamemtaja. Akigeuka, walinyamaza. Hilo la kunyamaza lilimchoma kuliko kicheko.

Wala bandari haikumsaidia. Nyiransabimana, muuza maharage ambaye ulimi wake haujui Jumapili, alimwuliza kwa upole wa kinafiki kama yule fundi ni shemeji yake, maana anaona Masika anamletea sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, kwenye bakuli lenye mfuniko. Léopold alicheka na wengine. Alipofika nyumbani alilitafuta bakuli lile kabatini, akalikuta limeoshwa vizuri, akalitazama kwa chuki ambayo bakuli halikuistahili.

Na huku yote hayo yakiendelea, Bénita ikapona. Ilikuwa ikiondoka inainua pua kidogo tu, halafu inajilaza, inapanda juu ya maji na kuteleza, na sauti ya injini inakuwa moja. Vijana wa boti mpya walikuja kuichungulia. Walimsifu Samy. Hata wale waliomsifu Léopold walimsifu kwa kupata fundi. Lakini yeye alikuwa na furaha yake ya pembeni, asiyomgawia mtu: mkono ulikuwa umepona. Siku ya Alhamisi alishika usukani, akajiandaa kuushindilia kama kawaida, na usukani ukatulia mkononi kama mtoto aliyeshiba. Alikwenda hadi Nzulu na kurudi bila jasho. Ilikuwa ni ile dawa ya kuchua aliyoinunua Birere, au novena aliyoisali kimyakimya, au vyote viwili. Alimshukuru Mungu, na alishukuru zaidi kwamba hakuwahi kumwambia mtu kuhusu ugonjwa ambao sasa haupo.

Ijumaa asubuhi Samy alimnyooshea mkono kumsalimia, na Léopold akaona kucha ya kidole gumba cha fundi ina doa jekundu. Si rangi ya boti, si damu. Ilikuwa vernis, rangi ya kucha. Léopold aliijua vernis ile, nyekundu inayoelekea zambarau, kwa sababu alikuwa ameshinda Jumapili nzima akimtazama Masika akijipaka mlangoni, miguu imenyooshwa juani. Damu ilimpanda kichwani. Aliushika mkono wa Samy muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka Samy akamtazama.

"Muzee, umelala muzuri?" Samy aliuliza.

Alijibu kwamba amelala vizuri. Mchana Masika alikwenda sokoni, Samy akaenda kula, na Léopold akabaki na boti. Hakujua anatafuta nini. Alipekua sanduku la funguo za ufundi, akapekua chini ya viti, akanusa koti la Samy lililotundikwa, jambo ambalo aliona haya hata alipokuwa analifanya. Mwisho akaiinamisha injini ili hélice itoke majini. Hapo akauona. Juu ya hélice, chini ya bamba la injini, kuna kipande kidogo cha chuma cha kijivu chenye umbo la pezi la samaki, na kando ya kipande hicho mtu alikuwa amechora mstari mwembamba kwa vernis ya mkewe.

Kituku nzima inakiita kipande kile zinc. Kila nahodha anajua kazi yake: kutu inakila chenyewe, inaiacha injini. Kikiisha unanunua kingine, unakifunga kikiwa kimenyooka, unakaza, umemaliza. Hivyo ndivyo Léopold alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine. Hiki hakikunyooka. Kilikuwa kimegeuzwa mkia kuelekea kulia, na mstari mwekundu ulikuwa umepita palepale mkia ulipoishia, kwa uangalifu, kwa mkono uliotulia. Aliona vichwa viwili vimeinama hapo, karibu karibu, kichupa cha vernis kikipokezanwa. Aliona mchezo wa watu wawili, alama waliyojiwekea mahali ambapo yeye hakutakiwa kufika. Kipande cha kuliwa na kutu, na wanakichezea hivyo! Je, na vingine?

Alichukua ufunguo, akalegeza boulon inayokishikilia, akakinyoosha kipande mpaka kikawa sawa kama vya wenzake, akakaza. Mstari alijaribu kuukwangua kwa ukucha, ukakataa. Akaishusha injini majini. Hakuona kwamba ameharibu kitu. Aliona kwamba amekikomboa kitu chake, na usiku huo alikula kwa hamu.

Jumamosi ziwa lilikuwa tulivu na Mama Léocadie alipanda amevaa kitenge kipya na miwani ya jua, akakaa katikati kama malkia, magunia na abiria wakamzunguka. Masika alikuwa amepanga kila kitu kama alivyoelewana na Samy. Samy alikaa nyuma, karibu na injini. Masika alisimama nyuma ya kiti cha nahodha, akishika nguzo ya turubai, na Léopold, aliyejua kwamba magunia na abiria wako katikati yao kama ukuta, alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu juma lianze.

Walitoka polepole. Mambo yalikuwa sawa. Walipopita boti za mwisho alisukuma mkono wa gesi mbele, Bénita ikainua pua, ikajilaza, ikapanda juu ya maji, na hapo usukani ukamrukia kulia.

Haikuwa kama zamani. Ilikuwa mbaya kuliko zamani. Samy alipoishusha pua ya boti, alijua kwamba pua ikishuka injini inavuta kulia zaidi, na ndiyo sababu aligeuza lile pezi dogo, ili maji yenyewe yausukume usukani kurudi katikati. Léopold alikuwa ameuondoa msaada na kuubakiza mzigo. Alishindilia kwa bega. Maumivu yaliingia shingoni na kushuka hadi kiunoni. Alifikiri ni mkono umemrudia ghafla, akamwomba Mungu, akauma meno, na kwa kuwa Mama Léocadie alikuwa ametikisa kichwa kwa kuridhika na mwendo, hakuthubutu kupunguza gesi. Alijiambia avumilie mpaka Bulenga. Hakufika hata Nzulu.

Mkono uliishiwa nguvu. Haukuuma tena, uliacha tu kuwa mkono. Usukani ukazunguka, Bénita ikalalia ubavu na kukata kulia, magunia yakaporomoka, watu wakaangukiana, na mbele yao palikuwa na wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, waliokuwa wanarudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Wavuvi waliacha kupiga kasia wakasimama. Masika alimrukia mumewe kwa juu, akaushika usukani kwa mikono miwili na kuuvuta kushoto kwa uzito wake wote, na Samy akafika akaizima gesi. Boti ilipita karibu na mitumbwi kiasi kwamba mvuvi mmoja aliweza kuisukuma kwa kasia. Kisha mtoto wa mtu akaanza kulia.

Hakuna aliyeumia. Wavuvi waliwatukana vya kutosha wakaenda zao. Mama Léocadie, miwani imeanguka, aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo wote waliomjua waliiogopa kuliko ile kubwa, nini kimetokea kwenye boti yake.

Samy alirudi nyuma kwenye injini. Aliiinamisha injini, akainama, akatazama. Léopold alimwona akitazama kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Kisha Samy aliinua kichwa akamtazama Léopold, na macho ya Léopold yakakimbilia majini. Katika dakika ile walielewana kabisa, pengine kuliko siku zote walizofanya kazi pamoja.

"Ni kosa yangu, mama," Samy alisema. "Kuko boulon sikukaza muzuri."

Mama Léocadie alisema kwamba kuanzia leo hataki kumwona kwenye boti yake, na kwamba mtu mwingine yeyote asiiguse injini hiyo. Akamwambia Léopold awarudishe Goma polepole, na Jumatatu ataendelea na abiria kama kawaida, maana ni wazi kwamba kosa si la nahodha. Samy alikusanya funguo zake moja moja, akazipangusa, akazitia kwenye mfuko. Walipofika Kituku aliruka kabla kamba haijafungwa, akapanda juu kwenye mawe bila kuaga.

Léopold alifurahi. Tusimfiche. Mkono ulikuwa unaning'inia, lakini moyo ulikuwa unaimba. Fundi ameondoka, usukani umebaki. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, wakipanda kati ya kuta za mawe meusi, alimwambia Masika kwamba labda sasa watu watatulia, wale waliozoea kuletewa sombe kwenye bakuli lenye mfuniko.

Masika alisimama. Alimwuliza kama ni yeye aliyekinyoosha kile kipande, na Léopold, kwa kuwa alishindwa kupata uongo wa haraka, akajifanya anatazama mawe ya njia. Masika akatikisa kichwa kama mtu aliyehesabu akapata jumla aliyoitarajia.

"Mutu unalala naye kitanda kimoja, ukose kujua mukono yake haipande?" alisema. "Nilikuwa nakusikia unalia ku usingizi. Mimi njo nilimuomba Samy. Nilimuambia: bwana yangu ako na mukono mubaya, Mama Léocadie akijua, atamutosha ku volant, aweke mutu mwingine. Fanya volant ikuwe nyepesi, na usimuambie mutu, hata yeye mwenyewe, juu ataona haya."

Léopold alitafuta maneno. Aliyoyapata yalikuwa ya kijinga: alimwuliza kuhusu vernis. Masika alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alimwambia kwamba walihitaji alama, ili pezi likilegea wajue pa kulirudisha, na rangi haikuwepo, na kichupa kilikuwa kwenye mkoba wake.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Na wewe, juu ya nini haukuniambia?"

Walitembea tena. Karibu na mlango Masika alisema jambo jingine, bila hasira, na hilo ndilo lililomwacha Léopold amesimama nje. Alisema kwamba mstari bado uko pale. Achukue ufunguo, arudishe pezi kwenye mstari, akaze, hakuna atakayejua. Samy hatasema, maana kama angetaka kusema angesema ziwani. Usukani utakuwa mwepesi na utabaki wake. Kisha akaingia ndani kuwasha jiko.

Léopold alikaa kwenye jiwe. Ilikuwa kweli tupu, kila neno. Kazi ya dakika chache. Alijiona Jumatatu akiendesha kwa vidole viwili, abiria wakisinzia, vijana wakimpungia. Alijiona pia akirudi jioni na kumkuta Masika anapika, wala hamtazami vibaya, wala hamsemi, ila anajua. Angejua kila safari, kila usukani ukitulia mkononi. Na kila akijua, angemkumbuka Samy, aliyefukuzwa kama mwizi akiwa ameibeba siri ya mtu mwingine kwa sababu mwanamke alimwomba.

Hapo wivu wa kweli ulimpata, ule wa mwanzo ukaonekana wa kitoto. Hakumwonea tena Samy wivu wa jambo alilomdhania. Alimwonea wivu wa jambo alilofanya. Mtu amekutana na shida ya mke wa mwenzake, akaichukua, akaitengeneza, akainyamazia, akaumia kwa ajili yake, na yeye mume hajawahi kumfanyia Masika kitu kizuri kama hicho. Sasa Masika analo la kumlinganisha nalo, mpaka kufa. Wivu huo haukuwa na mtu wa kupigana naye. Ulimwinua kwenye jiwe, na wala asijisifu kwamba ni utu wema uliomwinua.

Alimwita Masika, akamwambia anakwenda Himbi kwa Mama Léocadie. Masika aliepua sufuria, akajifunga kitenge vizuri, akamfuata nyuma bila kuuliza.

Mama Léocadie aliwapokea uani, bado ana kinyongo cha asubuhi. Léopold alitoa ufunguo wa Bénita mfukoni akampa kwa mkono wa kushoto. Huku kwetu mtu mzima hapewi kitu kwa kushoto, labda unataka kumtukana, na Mama Léocadie aliurudisha mkono wake nyuma akakunja uso. Ndipo Léopold alipojaribu kuuinua wa kulia mbele yake, makusudi, ili aone. Ulifika usawa wa tumbo ukakwama, ukashuka.

"Mama, Samy hakukosea," alisema. "Ile zinc alikuwa ameigeuza juu ya mukono yangu mubaya. Mimi njo niliirudisha."

"Juu ya nini uliirudisha?"

Léopold alimtazama mkewe, akatazama chini.

"Juu ya wivu, mama."

Mama Léocadie hakucheka, na hilo Léopold alimshukuru nalo maisha yake yote. Aliupokea ufunguo kutoka kwenye mkono uleule wa kushoto. Alisema kwamba mkono mgonjwa angeweza kuusamehe, angeambiwa tangu Noël angetafuta njia. Lakini mtu aliyegusa injini ya watu kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwake hatashika tena usukani wa Bénita. Jumatatu Samy ndiye atakayeendesha, akikubali kurudi. Aitwe sasa hivi, asije akapanda gari la kwenda kwao.

Léopold hakuwa na namba ya Samy. Hakuwahi kuitaka. Alimgeukia Masika akamwambia ampigie, na sauti ilimtoka vizuri kuliko alivyotegemea. Masika alifungua pindo la kitenge, akatoa simu, hakuitafuta namba kwa muda mrefu. Akaiweka sikioni, akasikiliza ikiita. Kisha akamnyooshea mumewe.

Aliipokea. Alisema ni Léopold. Alisema Mama Léocadie anamwita, amejua yote, na usukani ni wake. Upande wa pili magari yalikuwa yakipita, mtu akitangaza safari ya Kalengera, njia ya kwao Samy.

"Muzee," Samy alisema, "mukono iko namna gani?"